Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mtwara na Lindi: anayeomba kazi naye ana haki

Kwa Kamishna wa Kazi, kwa wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa maafisa kazi wetu, na kwa nyie mabosi na watu wa HR wa viwanda, maghala, hoteli, kampuni za ulinzi na wakandarasi wote mnaochukua watu huku kusini.

Shikamooni mnaostahili shikamoo, wengine habari za kazi.

Mimi nina steshenari hapa Mtwara mjini. Natoa kopi, napiga picha za paspoti, nachapa sivii na barua za maombi, na siku hizi nawajazia watu maombi ya kazi mtandaoni maana wengi simu zao ni za kitochi au bando halipo. Kwahiyo karibu kila tangazo la kazi la hapa mjini linapita mezani kwangu, na akikosa kazi mtu anarudi kwangu tena kutoa kopi zingine za kupeleka kwingine, na hapo ndo ananisimulia ilikuwaje. Haya ninayoandika sijayaokota kijiweni.

Nachotaka kusema ni kimoja. Mkija kukagua waajiri mnamkagua mtu aliyeshaingia ndani: mkataba upo, michango ya NSSF inapelekwa, mshahara umefika kima cha chini. Sawa, endeleeni hivyo hivyo. Ila yule aliyesimama nje ya geti na bahasha yake ya kaki hana wa kumuulizia, wakati sheria yenu wenyewe imemtaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na ikaweka wazi kuwa mwombaji wa kazi naye yumo, na kwamba utaratibu wa kuajiri ni pamoja na tangazo lenyewe, vigezo vya kuchagulia watu na namna ya kuwachukua. Yaani kosa linaweza kuwa limeshafanyika hata kabla mtu hajaitwa intavyuu, pale tu ulipobandika karatasi yako.

Na hizo karatasi jamani mngeziona. Kuna moja ililetwa kwangu niitolee kopi ibandikwe mtaani, nainukuu kwa kumbukumbu tu: anahitajika dada wa mapokezi, umri miaka 18 mpaka 25, mrembo, mweupe kiasi, asiwe na mtoto, atume picha nzima wasapu. Kwenye mstari mmoja na nusu jamaa kavunja umri, jinsia, rangi na majukumu ya kifamilia, na vyote hivyo vimeandikwa kwenye kile kifungu, pamoja na kabila au mahali mtu alipotoka, dini, mrengo wa siasa, ujauzito, ndoa, ulemavu na hali ya maambukizi ya VVU. Nilimwambia bosi hapa una shida akacheka, akasema mbona wote wanaandika hivyo. Ni kweli, wote wanaandika hivyo! Hilo ndo tatizo lenyewe, yeye alidhani anajitetea.

Simaanishi mwajiri asichague. Sheria hiyo hiyo inamruhusu kuweka sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Ukitaka dereva wa semi huwezi kuchukua mtu asiye na leseni ya daraja hilo eti unaogopa kubagua. Ukitaka mlinzi aliyepita mgambo, sawa. Lakini kupokea wageni na kujibu simu kunahusiana vipi na kama dada wa watu amezaa au hajazaa? Akifungua mtu kesi ya kubaguliwa na akaonyesha dalili za awali, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndo athibitishe kwamba hakubagua au kwamba hicho kigezo ni cha lazima kwa kazi ile. Na tangazo lenye maneno hayo ni ushahidi ulioubandika mwenyewe ukutani.

Twende getini sasa. Msimu wa korosho ukifungua, kuanzia Oktoba hivi, sehemu zinazochukua vibarua watu wanakusanyika alfajiri. Wanawake wa kubangua na kuchambua upande mmoja, makuli wa kubeba magunia upande mwingine. Anatoka supavaiza na kidaftari, anaangalia nyuso, anaanza wewe, wewe, wewe, wewe mwenye kofia, wewe hapana. Hakuna jina lililoitwa, hakuna aliyeuliza nani kafanya msimu uliopita, nani ana mkono mwepesi. Mama mmoja mteja wangu, mtu mzima kidogo, anabangua korosho kuliko hao mabinti wote na kwa hiyo kazi wanamjua, alipitwa siku kadhaa mfululizo mpaka mwenzie akamnong'oneza kwamba kuna hela ya chai inatangulizwa jioni kwa fulani. Akatoa, kesho yake akaitwa. Hela yenyewe ni ndogo, ukiitaja ofisini watakucheka, lakini ni hela ya mboga ya nyumba nzima, na amelipa ili apate ruhusa ya kwenda kufanya kazi. Wakubwa, hiyo ni rushwa. Isikae kwenye sikio lenu kama mambo ya vibarua tu eti msimu ukiisha na yenyewe yameisha, maana huku kusini kwa familia nyingi msimu ndo mwaka.

Halafu wale wanaoambiwa njoo ufanye majaribio wiki mbili tukuone. Bila malipo. Wiki mbili zikiisha anaambiwa hujafaa, anaitwa mwingine naye aje aonwe. Kuna sehemu nina wasiwasi hawajawahi kuajiri mtu kabisa, wanaona tu. Muda wa majaribio kisheria upo, kanuni za 2007 zinasema usizidi miezi kumi na mbili, lakini huo ni wa mtu aliyeajiriwa na analipwa. Na kifungu cha 15 cha sheria ya 2004 kinataka mfanyakazi anapoanza kazi apewe kwa maandishi kazi yake ni ipi, anaanza lini, kituo chake wapi, masaa mangapi, analipwa kiasi gani na kwa hesabu gani. Anapoanza. Sio akishazoeleka. Mwajiri akikosa hayo maandishi mkifika kwenye shauri, kazi ya kuthibitisha mlikubaliana nini inakuwa ya kwake. Hili vijana wengi hawalijui, wanadhani kukosa karatasi ndo wameshindwa.

Intavyuu nazo. Binti mmoja wa Chikongola, ana cheti cha uhasibu, alirudi kwangu kavimba macho. Aliulizwa maswali matatu ya kazi, yaliyobaki yote yalikuwa umeolewa, mchumba yuko wapi, una mpango wa kubeba mimba lini, na mwisho akaambiwa aache namba, usiku bosi atampigia waongee vizuri. Na kweli alipigiwa. Sitaandika aliambiwa nini, mnajua. Hakwenda, na kazi hakupata.

Hilo lina sheria yake peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, namba 11 ya 2007, kifungu cha 25: mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira, cheo au haki yake ametenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu au vyote viwili. Namba ya bure ya TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, ni 113. Nilimuonyesha yule binti akaniuliza swali moja tu, nikishapiga, halafu kazi nitaomba wapi tena hapa mjini? Mtwara hii ndogo, mabosi wanajuana, wanakaa meza moja wikiendi. Sikuwa na jibu. Jibu mnalo nyie wenye ofisi.

Nije kwenye hili la wenyeji, ambalo najua ndo litanipa matusi pande zote mbili.

Huku kusini ukisema ajira watu wanasema wenyeji kwanza. Nawaelewa kabisa. Gesi ya Songo Songo imeanza kutumika 2004, bomba la kutoka Mtwara kwenda Dar likakamilika 2015, kiwanda kikubwa cha simenti kimejengwa hapa hapa, bandari imepanuliwa, Ruangwa kuna madini ya kinywe (grafaiti), Lindi tunasubiri mradi wa gesi wa Likong'o miaka nenda rudi. Mwaka 2013 watu walitoka barabarani Mtwara kwa sababu ya gesi, na waliotoka wengi walikuwa vijana wasio na kazi. Sasa kila mradi ukija kijana anaona magari ya kampuni yanashusha watu wametoka mbali na mabegi yao, mpaka wa kufagia uwanja. Lazima moyo uume.

Lakini tuambizane ukweli, sheria haimruhusu mwajiri kusema nataka Mmakonde, au simtaki Mmakonde, au Mmwera, Myao, Mmakua. Kabila na mahali mtu alipotoka vimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Hata sheria ya petroli ya 2015 na kanuni zake za 2017 za ushirikishwaji wa wazawa, zikisema mzawa zinamaanisha Mtanzania, awe wa Newala au wa Bukoba. Wanasiasa wetu wanalijua hili, wakipanda jukwaani wanaahidi kinyume, halafu mradi ukianza wanakwambia ndo sheria ilivyo. Kwahiyo mimi siombi tupendelewe kwa kabila. Ningeomba hivyo leo, kesho mwanangu akienda kutafuta kazi Mwanza atajibiwa nini?

Ninachoomba ni kwamba huyu wa hapa asifungiwe mlango kwa ujanja. Maana ubaguzi wa siku hizi hauandikwi hatutaki watu wa kusini, unafanywa kwa mizunguko. Tangazo linawekwa Ijumaa jioni linafungwa Jumatatu, kwenye mtandao ambao huku hakuna anayeufuatilia, kazi ya saiti ipo Mtwara vijijini lakini usaili unafanyikia Dar, kilomita zaidi ya mia tano, nauli yako, kulala juu yako, kwa nafasi ya msaidizi wa stoo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Somanga, huku tulikaa kama kisiwa, hebu mwambie mtu wa Nanyamba siku hizo afike Dar kwenye usaili saa mbili asubuhi. Au wanadai uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kuhesabu mifuko. Au nafasi zimeshajaa kwa vimemo vya wakubwa na mtoto wa fulani, tangazo linatolewa kutimiza utaratibu tu, na watu mia kadhaa wanatoa kopi za vyeti kwangu, wanalipia muhuri wa mwanasheria, wanaenda kwa mtendaji kuchukua barua ya utambulisho, kwa kazi ambayo mwenyewe ameshapewa sare. Mimi kwenye hizo kopi napata riziki, nisingepaswa hata kulalamika. Ila inachosha kuchukua hela ya mtu ukiwa unajua.

Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mtwara, VETA ipo Lindi, chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris kipo hapa hapa. Mafundi wa umeme, wachomeleaji, wahasibu, wamo. Ukimleta mtu wa mbali kwa sababu amewashinda kwenye mtihani ulio wazi, hakuna mwenye neno, mkaribisheni tumuuzie samaki.

Kuhusu wenye ulemavu sitasema mengi kwa sababu hakuna mengi ya kusema: sheria namba 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini na kuendelea awe na angalau asilimia tatu wenye ulemavu wenye sifa. Nendeni kwenye hizo ofisi mhesabu. Nyingi hata ngazi ya kupanda kwenda kuleta barua ya maombi mtu wa kiti mwendo haipandi.

Na upimaji wa VVU kabla ya ajira, kuna sehemu bado wanamwambia mtu alete majibu ya vipimo vyote na kile kikiwemo. Kumlazimisha mtu kupima kumekatazwa na sheria ya UKIMWI ya 2008. Mnalijua.

Kuna jambo lingine dogo ila lilinikera sana. Nimenunua karanga kwa kijana barabarani, zimefungwa kwenye karatasi, nafungua nakuta ni sivii niliyoichapa mwenyewe hapa. Jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, jina la baba na wadhamini watatu na namba zao. Mtu alipeleka maombi kwenye ofisi ya watu, ofisi ikafanya usafi, mafaili yakauzwa kwa kilo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Taarifa za mwombaji unazichukua kwa ajili ya maombi, ukimaliza unazitunza kwa usalama au unaziharibu, huwezi kumpa muuza karanga. Na kwanini mnadai kopi ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na namba ya akaunti ya benki kwa mtu ambaye hata hamjamuita usaili? Chukueni barua na sivii, mengine mtadai kwa mliyempata.

Najua waajiri mtasema na waombaji nao wana vituko vyao. Wanavyo. Mimi naletewa vyeti na kuombwa nibadilishe tu hapa kaka, weka tu C. Nawafukuza, na kuna waliohamia steshenari ya jirani. Uhakiki wa serikali wa 2017 ulikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, kwahiyo mwajiri akihakiki vyeti ana haki yote, ahakiki mpaka Baraza la Mitihani. Wapo pia wanaoandika wanajua kompyuta na mausi yenyewe wanaishika kwangu mara ya kwanza. Wachujeni hao. Mtihani wa vitendo unawachuja ndani ya nusu saa, bila kumuuliza mtu kama ameolewa.

Sasa maombi yangu, na nayaandika kwa wenye nayo mmoja mmoja.

Kamishna wa Kazi, kile kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri asajili kwako mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini, na wewe una uwezo wa kumwagiza autengeneze na ausajili. Tuambie tu hadharani, kwa waajiri wakubwa wa Mtwara na Lindi ni wangapi wamesajili. Hatuhitaji siri za kampuni, tunahitaji idadi. Kama ni sifuri sema sifuri tujue tunaanzia wapi.

Wakuu wa mikoa, mnakaa na wawekezaji kila mara. Waambieni kazi yoyote ya saiti iliyopo mkoani tangazo lake libandikwe pia kwenye ofisi za kata na vijiji vya jirani na saiti, likae siku za kutosha, na usaili wa hizo kazi za kawaida ufanyike huku huku. Ukumbi hamkosi. Hili halihitaji bunge.

Maafisa kazi, siku moja moja kwenye msimu nendeni getini alfajiri, msiende saa nne na gari lenye bendera ya matangazo, nendeni saa kumi na moja na nusu mkae na kina mama pale chini mwone watu wanavyochaguliwa. Waajiri wa vibarua waandikishe majina, waite kwa orodha, anayeachwa leo aanze kesho. Na bandikeni pale getini kwamba mwenye malalamiko ana njia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, kwa aliyeachishwa kazi muda wake wa kulalamika ni siku thelathini na migogoro mingine siku sitini tangu ilipotokea, kwa sababu watu wengi wanakuja kuuliza baada ya miezi sita na hapo inabidi kwanza waombe msamaha wa kuchelewa.

TAKUKURU mkoa, wekeni utaratibu wa binti kutoa taarifa ya usaili bila jina lake kuzunguka mjini kabla hajafika nyumbani. Bila hivyo 113 itabaki kuwa namba ya kwenye bango.

Mabosi na HR, jibuni maombi. Meseji moja ya umekosa inatosha, watu wanakaa miezi wanasubiri simu na wanaacha vibarua vingine. Na kabla hamjaleta tangazo kwangu kutoa kopi lisomeni tena, ondoeni mrembo, ondoeni asiwe na mtoto, andikeni kazi, sifa zinazohitajika, mshahara kama mna ujasiri huo, na tarehe ya mwisho. Hata mkitaka nitawasaidia kuliandika upya, kuchapa ni juu yangu, kopi mtalipia.

Msimu ukifunguliwa Oktoba geti linajaa tena, kwahiyo mnao muda wa kuanza na maghala kwanza, viwanda vifuate.

Wenu,
mwenye steshenari, Mtwara mjini